Nilipiga Kura Ottawa, Shangazi Yangu wa Rutshuru Hakupiga

Tarehe 20 Desemba 2023 niliamka saa kumi na moja alfajiri hapa Gatineau, nikavaa makoti mawili, nikavuka mto kwenda Ottawa kupiga kura. Ilikuwa mara ya kwanza Wakongomani wa ng'ambo kuruhusiwa kumchagua rais, na ni nchi tano tu zilizoteuliwa kwa kuanzia: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada. Nilipotoka nilipiga picha kidole changu chenye wino, nikamtumia shangazi yangu. Wakati ule alikuwa Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia vita, kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Kongo. Jibu lilikuja kwa sauti siku ya pili, maana alisubiri zamu yake ya kuchaji simu.

"Mama, asante. Umepiga na yangu?"

Sikuwa na la kumjibu. Shangazi ni mtu wa Rutshuru. Alitoka Kiwanja mwishoni mwa Oktoba 2022, waasi wa M23 walipoingia, akiwa na bidoni moja, wajukuu wawili na kadi yake ya uchaguzi. Na siku ile ya Desemba, Masisi na Rutshuru za Kivu Kaskazini hazikupiga kura, wala Kwamouth kule Mai-Ndombe. Ilielezwa kwamba usalama haukuwepo. Basi mimi niliye zaidi ya kilomita elfu kumi kutoka kwenye mabomu nikamchagua amiri jeshi mkuu. Yeye ambaye bomu lilimkuta jikoni, hakumchagua.

Naandika haya kwa sababu kwenye makundi yetu ya WhatsApp tunazungumza vita asubuhi na uchaguzi jioni, kana kwamba ni habari mbili. Watu walewale waliokuwa wakihesabu droni saa nne, ikifika saa kumi na mbili wanabishana juu ya kubadilisha katiba, na hakuna anayeunganisha. Kwangu ni habari moja. Pesa ya vita inapaswa kuulizwa na depite, yaani mbunge. Depite humwogopa yule anayeweza kumnyima kiti. Ukimwondoa kwenye orodha mpiga kura wa Masisi na wa Rutshuru, umemwondoa mtu mwenye sababu kuliko wote ya kuuliza kila franka iliyotumwa mstari wa mbele ilifika wapi.

Nilianza kuliona jambo hili kazini. Nahudumia wazee katika nyumba ya kulea wazee. Juni 9, 2025 waziri mkuu Mark Carney alitangaza kwamba Kanada itafikisha asilimia 2 ya pato la taifa kwa ulinzi kabla ya Machi 2026 kwisha, na kwamba zaidi ya dola bilioni 9 za Kanada zitaongezwa ndani ya mwaka huohuo. Kesho yake Mkaguzi Mkuu wa serikali akatoa ripoti: ndege 88 za kivita aina ya F-35, ambazo mwaka 2022 zilikadiriwa kugharimu dola bilioni 19, sasa zimefika bilioni 27.7. Habari hiyo ilisomwa kwenye televisheni ya sebuleni, wazee wakisikiliza. Mmoja wao, ambaye kwa kawaida hazungumzi zaidi ya hali ya hewa na magoti yake, alikasirika mpaka akapiga mkono wa kiti. Alitaka kujua bilioni nane na zaidi zimeongezeka kwa sababu gani na nani alizikubali. Kisha akanigeukia.

"Na kwenu, vita vinagharimu kiasi gani kwa mwaka?"

Nimezaliwa Goma. Nimekulia Mabanga. Nimehama nyumba mara tatu kwa sababu ya bunduki na mara moja, Januari 2002, kwa sababu ya mlima wa moto wa Nyiragongo. Vita nimevijua kabla ya kujua kusoma, na sikuweza kumjibu yule mzee.

Usiku ule nilitafuta. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm, ambayo hufuatilia matumizi ya kijeshi duniani, iliandika kwamba mwaka 2023 nchi iliyopandisha matumizi hayo kwa kasi kuliko nyingine zote duniani ilikuwa yetu: ongezeko la asilimia 105, hadi dola milioni 794. Rudia kusoma hapo. Mwaka uleule vita vya Ukraine vilikuwa vimewaka, na vya Gaza vikaanza, lakini kwa kasi ya ongezeko hakuna aliyetupita. Kulikuwa na sheria ya mpango wa jeshi ya 2022, iliyopangwa kufika 2025. Zikanunuliwa droni kutoka China. Wakaja na wazungu wa kukodiwa, wengi wao Waromania, ambao kila mtu wa Goma aliwaona wakipita na magari yao kwenye barabara ya kwenda Sake. Waandishi wa BBC waliona mikataba ya baadhi yao: dola kama 5,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Askari wa kawaida wa Kongo alikuwa akipata kama dola 100.

Nikisoma takwimu hiyo nakumbuka nyumba moja tuliyopanga nilipokuwa na miaka kumi. Ilipakana na kambi ya askari. Jioni, moshi ukianza kupanda, watoto wa askari walikuja uani kwetu na kusimama karibu na mbabula, jiko letu la makaa, bila kusema neno. Mama alikuwa akisonga bukari, yaani ugali, ya watu tisa wakati sisi tulikuwa sita. Baba zao walikuwa Masisi, vitani, na mshahara ulikuwa haujaonekana miezi kadhaa. Sitaki mtu aniambie kwamba askari wetu ni waoga. Nimekula sahani moja na watoto wao, najua walivyoachwa.

Januari 27, 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23. Siku mbili baadaye Waromania karibu 280 walivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, na kusafirishwa kwao kupitia Kigali, wamekaa kwenye mabasi. Umoja wa Mataifa ulihesabu miili karibu 2,900 katika jiji letu na kando yake. Mdogo wangu alikuwa anaishi Ndosho. Alikaa siku nne chini ya kitanda na watoto. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na mpaka leo mtu wa Goma akitaka pesa anayotumiwa na sisi anakatwa na huyu na yule kabla haijamfikia mkononi.

Swali langu ni la yule mzee wa Gatineau: nani aliulizwa?

Hapa ndipo nalazimika kueleza mwaka 2011, kwa sababu mwaka huo mmoja ulinifundisha zaidi ya vitabu. Machi 25, 2011, bunge la Kanada liliangusha serikali ya Stephen Harper kwa kura 156 dhidi ya 145. Kosa liliitwa kulidharau bunge: serikali ilikuwa imekataa kuwapa wabunge hesabu kamili za gharama, na miongoni mwa hesabu hizo zilikuwemo za ndege hizihizi za F-35. Fikiria hilo ukiwa umekaa Birere, pale Goma. Serikali inaanguka, bila risasi hata moja, kwa sababu haikutaka kuonyesha bei ya ndege za kivita.

Miezi miwili kabla, Januari 2011, Kinshasa nayo ilikuwa na kazi bungeni. Katiba ilibadilishwa ili uchaguzi wa rais uwe wa duru moja tu. Ilisemekana duru ya pili ni ghali. Mwaka 2006 tulikuwa na duru mbili. Nakumbuka baba akivaa suti yake ya harusi mara mbili, Julai na tena Oktoba, akapanga mstari pale shuleni toka alfajiri. Alisema hajawahi kuulizwa maoni yake na serikali yoyote tangu azaliwe, na sasa ameulizwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Desemba 2011 Joseph Kabila akatangazwa mshindi kwa asilimia 48.95. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 Félix Tshisekedi akatangazwa kwa 38.57. Mwaka 2023 zilikuwa zaidi ya asilimia 73, kwa hiyo duru ya pili isingebadilisha jina la mshindi, lakini hoja yangu haiishii kwenye jina. Duru ya pili humlazimisha mgombea arudi kwa watu waliomkataa, aketi nao, awaahidi kitu. Bila hiyo, mtu anaweza kuitawala Kivu bila kuihitaji Kivu.

Sasa, wasomaji wangu wa Himbi na Katindo, kule Goma, wasidhani nawasifia Wazungu. Huku nako kuna kidonda. Katika Kanada kila jimbo la uchaguzi lina kiti kimoja. Anayeongoza, hata kwa kura chache, hukichukua, na kura za wengine wote zinapotea. Ndiyo maana Harper yuleyule aliyeangushwa Machi 2011 alirudi Mei na wingi wa bunge: viti 166 kati ya 308, kwa asilimia 39.6 tu ya kura. Mwaka 2015 Justin Trudeau aliahidi kwamba huo ungekuwa uchaguzi wa mwisho wa aina hiyo. Akashinda kwa asilimia 39.5, akapata viti 184 kati ya 338, na Februari 2017 akaiacha ahadi yake. Mfumo uliompandisha ukawa mzuri ghafla. Mwaka 2019 na 2021 chama chake kilipata kura chache kuliko Wahafidhina nchi nzima, lakini kikabaki na viti vingi zaidi. Mkoa wetu wa Québec nao uliahidi mageuzi kama hayo ukayaacha. Wenzangu kazini wakilalamika juu ya jambo hili huwa naungana nao kwa moyo wote, maana naijua ladha ya ahadi ya uchaguzi iliyovunjwa.

Lakini nitazame tofauti hii. Uchaguzi wa Aprili 2025, katika jimbo la Terrebonne karibu na Montréal, kura zilihesabiwa upya mbele ya hakimu na mgombea akashinda kwa kura moja. Moja! Baadaye ikajulikana kwamba bibi mmoja alikuwa amepiga kura kwa posta, na bahasha yake ikarudishwa kwa sababu anwani iliyochapishwa juu yake ilikuwa na kosa. Nchi nzima ilimzungumzia bibi huyo. Magazeti, redio, mawakili, mahakama. Bahasha moja.

Nikasikiliza habari hiyo nikiwa natandika vitanda, nikakumbuka Beni na Butembo. Desemba 2018 miji hiyo, pamoja na maeneo yake na Yumbi kule magharibi, iliondolewa kwenye uchaguzi wa rais siku chache kabla. Sababu zilizotolewa ni Ebola na waasi. Waliondolewa watu zaidi ya milioni 1.2. Waliambiwa watapiga kura Machi 2019, na rais akaapishwa Januari. Watu wa Beni siku ya uchaguzi walijipanga mistari wenyewe, wakanawa mikono kama inavyotakiwa wakati wa Ebola, wakapiga kura zao kwenye karatasi za kawaida, huku wakijua hakuna atakayezihesabu. Kwangu hilo ni tendo la heshima kuliko yote niliyowahi kuyaona katika siasa za nchi yetu, na sielewi kwa nini halifundishwi shuleni.

Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi mwaka ule alikuwa Corneille Nangaa. Ndiye aliyesoma matokeo. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na waangalizi karibu 40,000, walisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale waliyokusanya wao. Na leo hii Nangaa ni nani? Ni kiongozi wa AFC, muungano alioutangaza Nairobi Desemba 2023, ndio ulioingia Goma pamoja na M23. Mtu aliyekuwa na ufunguo wa sanduku la kura la nchi nzima sasa anaongoza kwa bunduki jiji ambalo watu wake wengi walikimbilia humo kwa sababu ya bunduki. Ukitaka kuona uchaguzi na vita vikikaa kwenye kiti kimoja, mfano ni huo.

Mdogo wangu wa Ndosho hakubaliani nami. Tulibishana saa nzima kwenye simu. Alisema: "Yaya, wewe uko kwenye baridi na amani. Huku Rwanda imetuingilia, unazungumza habari ya duru ya pili. Kura itazuia mzinga?" Ana haki kwa upande mmoja. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kuhusu askari wa Rwanda kwenye ardhi yetu, na Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa azimio 2773, liliitaka Rwanda iwaondoe. Kura haizuii mzinga. Ila mdogo wangu, nikuulize: zile dola milioni 794 zilizuia mzinga? Anayefaidika na pesa isiyoulizwa ni nani, kama si adui yule anayetukuta hatuna risasi wala chakula?

Tena hali yetu ni mbaya zaidi ya nchi nzima. Tangu Mei 6, 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Katiba inaruhusu siku 30, kisha nyongeza za siku 15. Bunge Kinshasa liliongeza siku 15 juu ya siku 15, mwaka baada ya mwaka, mpaka watu wakaacha kuhesabu. Gavana akawa jenerali. Baraza la mkoa, ambalo kazi yake ni kumwita gavana na kumhoji, likasimamishwa. Maana yake ni kwamba katika mikoa miwili ambako pesa ya vita ilikuwa inatumika, palikuwa hapana hata baraza moja la waliochaguliwa la kuihoji. Ukipenda kuiba mbuzi, huko ni kumfunga mbwa kwanza. Sisemi kila jenerali aliiba. Nasema mlango uliachwa wazi na mlinzi akaambiwa alale.

Wataniambia hesabu za jeshi ni siri. Idadi ya risasi iwe siri, mahali ilipo droni pawe siri. Mshahara wa askari si siri ya mtu yeyote isipokuwa mwizi. Tunajua inawezekana: baada ya 2005, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, njia ya mshahara ilianza kutenganishwa na njia ya amri, ili pesa isipite mikononi mwa kamanda, na askari hewa wengi wakaonekana kwenye orodha. Kazi hiyo ingetakiwa kusomwa bungeni kila mwaka, kikosi kwa kikosi: wangapi wamo, wangapi wamelipwa, wajane wangapi wamepata chao.

Upande wa kura, ningependa mjadala wa katiba uliofunguliwa na rais pale Kisangani Oktoba 2024 uanzie mahali pengine kabisa. Kinshasa wanabishana juu ya mihula ya rais, na ibara ya 220 imekataza kuigusa idadi na urefu wake. Kwa nini hakuna anayepaza sauti hivyo kuhusu ibara inayoweza kusema kwamba raia aliyekimbia vita anabaki mpiga kura wa kijiji chake, popote alipolala? Kambi za Kanyaruchinya na Bulengo zilikuwa na watu waliopangwa kwa majina, blok kwa blok, kwa ajili ya kugawa unga. Aliyeweza kumpata mtu ampe kilo za unga angeweza kumpata ampe karatasi ya kura. Kama mimi nilipatikana Gatineau kwenye theluji, shangazi asingekosekana Kanyaruchinya. Na ile sheria ya Desemba 2017 inayosema chama kisichofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima hakipati kiti cha ubunge, hata kama mtu wake ameongoza nyumbani kwake, inaua sauti ndogo za maeneo kama yetu. Iondolewe.

Mimi mwenyewe nimekwama katikati. Nalipa kodi Kanada, kwa hiyo ndege zile za F-35 nimezichangia, lakini sina kura huku kwa sababu si raia. Ningeweza kuomba uraia tangu miaka kadhaa iliyopita. Ibara ya 10 ya katiba yetu inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Nikichukua pasi ya Kanada, kura ya Kongo imekwenda. Fomu iko kwenye droo, nimeijaza mpaka ukurasa wa pili.

Shangazi alirudi Rutshuru mapema mwaka 2025, kambi zilipovunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Nyumba haina mabati tena. Shamba lipo, amepanda maharage. Wiki iliyopita alitaka kwenda sokoni akasimamishwa kwenye bariyeri, akaombwa kitambulisho. Kama Wakongomani wengi hana kingine zaidi ya kadi ya uchaguzi, ileile aliyokimbia nayo. Mvua za Kanyaruchinya zimeifuta picha. Kijana mwenye bunduki aliigeuza huku na huku, akamwuliza huyu kwenye kadi ni nani.

"Nikamwambia ni mimi," shangazi alisema. "Akaniambia, mama, humu hamna mtu."